Meza ya Vifaa

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Inashuka juu ya bati la ukumbi wetu
katikati ya sentensi,
na Sekela, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde,
anabaki akitafuna hewa.
Wenzake wanacheka. Mimi sicheki.
Nawaambia: subirini, au semeni kwa mabega.
Kule mnakokwenda hakuna atakayeizima kwa ajili yenu.

Nilipewa wiki sita.
Wiki ya kwanza hakuna aliyegusa maneno.
Tulifagia.
Jukwaa hufagiwa kutoka nyuma kuja mbele,
mkiokota misumari, punje za mahindi,
kifungo cha shati la mwaka gani sijui.
Ahobokile akanuna: "Mwalimu, mimi nimekuja kuigiza."
Nikamjibu, mguu utakaochomwa ni wako.

Wiki ya pili nilitandaza karatasi za mifuko ya saruji juu ya meza,
nikachora kwa chaki duara la kikombe,
mstatili wa barua, panga la mti, taa ya chemli,
kila kitu na kivuli chake.
Ukikitoa, chaki inabaki ikikudai.
Ukikirudisha, deni limekwisha.
Cha mwenzako usikiguse, hata kijiko.

Hili sikulisoma popote.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Iringa,
usiku wa pili wa onyesho,
nikaingia kusoma barua ya kifo cha mume wangu
na mkononi hamkuwa na barua.
Mchana nilikuwa nimeifungia andazi.
Nilisoma kiganja.
Watazamaji walilia, ndiyo.
Meneja wa jukwaa hakulia,
na msimu uliofuata jina langu halikuwa ubaoni.

Sasa huyu Tuntufye. Ana mistari mitatu:
"Bwana hayupo." "Sijui." "Nimeleta taa."
Mistari mitatu, na kila asubuhi anafika wa kwanza,
ukungu umemlowesha nyusi.
Anaandika kwa penseli, si kwa kalamu,
maana mwongozaji hubadili mawazo
na karatasi lazima ijue kusamehe.
Taa yake hajawahi kuisahau.
Ila "Nimeleta taa" anaitamka kama karani wa chai
anayesoma mizani.
Nimemtuma aiambie kuku, aiambie ukuta,
amwambie mtoto anayesinzia.
Bado kilo hamsini.

Sekela akisema "maji" wewe unasikia kiu.
Na amechelewa mara nne.
Mara ya tano niliufunga mlango.
Nilimsikia upande wa pili akihema,
kisha, polepole, akaigiza nafasi yake yote
mbele ya ule mlango,
na pale pa kulia akalia.
Sikufungua.
Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo muda wote.

Juzi mkataba ulifika kutoka Mbeya.
Tuliusoma kwa sauti, kwa zamu, kama tamthilia:
saa ya kuripoti, posho, mahali pa kulala,
nani analipa ukivunjika mguu.
Hapo pa mguu palikuwa patupu,
nukta nukta tu.
Kila mtu alikwisha shika kalamu. Kalamu zilikuwa zinawasha vidole.
Ndipo Tuntufye akainua kichwa:
"Hapa pajazwe kwanza."
Hakupandisha sauti. Hakuna aliyekohoa.
Nilimngoja mwaka mzima aseme neno moja hivyo.

Leo wameondoka na gari la saa kumi na moja alfajiri,
wote watano, Sekela akiwa wa kwanza kupanda,
viatu mkononi, hajachana nywele.
Nami nimerudi ukumbini kufagia,
kutoka nyuma kuja mbele.
Mezani madeni yote yamelipwa
isipokuwa moja.
Kikombe. Najua nani.

Mvua imeanza.
Nimelowesha kitambaa, nimefuta barua,
nimefuta panga, nimefuta taa.
Duara nimeliruka.