Safari kwa Lita

Daftari ni lile lile la maziwa:
upande huu asubuhi tisa, jioni tano,
upande wa pili, kwa kalamu nyekundu, Uholanzi.

Mimi na wifi yangu Mwanamkasi
tumekaa kwenye ngazi ya zizi hapa Pongwe,
katikati yetu ramani aliyotuachia Getije,
yule daktari wa mifugo aliyeinamia kila mlango.
Ramani imechoka kwenye mikunjo, mji mmoja umetoboka.
Hatujui ni upi. Tumekubaliana tusiende.

Kila kitu nakigeuza lita.
Yuro siielewi. Lita naijua,
nimeibeba kichwani, nimeimwaga, nimeililia.
Nauli ya ndege: miezi sita ya Mtakuja
bila homa, bila kukauka.
Viza: lita mia mbili sitini na moja,
na wakikukatalia zimemwagika, hazizoleki.
Kahawa, kikombe kimoja: lita kumi.
Mwanamkasi alicheka mpaka akashika boriti.
"Lita kumi! Kwa kikombe chenye maziwa kijiko!"
Kahawa tumeifuta. Tutabeba tangawizi yetu.

Amsterdam tutaipita
kama upitavyo msiba wa usiowajua,
kwa heshima, bila kukaa.
Kulala pale ni kula ng'ombe mzima
na mkia usibaki.
Sisi ni wa miji midogo: Hoorn, Kampen, Zutphen,
majina ya kukohoa, matofali mekundu, minara yenye saa,
na kati ya mji na mji
hema kwenye shamba la mfugaji, lita ishirini na tisa kwa usiku,
pengine ishirini,
nikimwonyesha viganja vyangu.
Mkate na jibini tutanunua gulio likikaribia kufungwa,
kama nyanya za Mgandini saa kumi na mbili jioni.
Treni baada ya saa ya makarani, ndipo bei hushuka.
Kwingine kote, baiskeli.

Na nani wa kumfundisha mtu wa Tanga baiskeli?
Getije alituambia kila njia panda kule ina namba:
unatoka thelathini na nne, unaitafuta sitini na moja,
kisha kumi na saba, huulizi mtu.
Mwanamkasi, mzaliwa wa Barabara ya Kumi na Tatu,
akasema, hiyo ni Ngamiani tu,
wamezichanganya namba.

Jumapili tulijipima miguu.
Mkate, chupa ya tangawizi, turubai la mvua,
tukaenda mpaka Tongoni, kwenye magofu.
Makaburi yenye nguzo, ukimya, mjusi mmoja.
Miaka hamsini na sita nimeishi hapa
na sikuwahi kufika.
Mwanamkasi akavua viatu, akajipepea kwa kanga:
"Mji wa kale si huu? Tuishie hapa, ni bei poa."
Watu wa Tanga husemwa, waja leo, warudi leo.

Sikumjibu upesi.
Baba yake Mtakuja alifika Tanga ndani ya mrija,
ndani ya barafu, bila viza,
akanijengea vyumba viwili na kumsomesha Mwajuma.
Nataka kuyaona majani yaliyomlisha.
Nataka kusimama kwenye nchi iliyo chini ya bahari
nione wanalalaje usiku.
Hayo sikuyasema. Nilisema, "Panda baiskeli,
jua linakucha kichwani."

Umebaki mstari mmoja usio na lita:
siku kumi na nane, nani atakamua?
Shemeji Sebarua amejitolea,
yeye ambaye alfajiri ameisikia tu kwa watu.
Tukamweka mbele ya Mtakuja, waonane.
Mtakuja akamtazama kama ofisa wa dirishani,
hakusema ndiyo, hakusema hapana,
akaendelea kutafuna
kana kwamba ndiyo faili letu.

Jioni ametoa nne na nusu.
Nimeandika.