Daftari la Hatuna

Mwezi wa kwanza nilikaa mezani nikahesabu
neno moja tu.
Si vitabu. Vitabu wakaguzi walishavihesabu,
vina namba mgongoni kama wachezaji wa ligi.
Nilihesabu *hatuna*.

Bwana Shaame alilitamka bila kuinua macho,
laini, kama mtu anayemwambia muombaji
Mungu akujaalie.
Mwanafunzi hugeuka, akavaa viatu mlangoni,
akaenda zake.

Nikanunua daftari dukani kwa Seif Mcha, hapa Wete,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
nikapiga mistari kwa rula: katafuta nini, tarehe ngapi.
Mwisho wa mwezi, mia mbili na kumi na tatu.

Nikalipeleka kikaoni.
Palikuwa na sambusa, na feni inayolalama.
Mwenyekiti akauliza: wangapi wameingia?
Nikasema mashine ya mlangoni inadai elfu nne,
ila haimjui anayekuja kusoma
na anayekuja kuchaji simu,
na paka wa jikoni hupita pale mara sita kwa siku.
Akaandika: elfu nne.
Akapiga mstari chini yake.
Vitabu vipya mwakani, inshallah;
na inshallah ile naijua, ina kope nzito.

Sasa, kabati.
Nyuma ya rafu za sheria, la chuma, kijivu,
mlango umeandikwa AKIBA kwa chaki.
Ufunguo?
Anao Bi Mize.
Bi Mize yuko wapi?
Kastaafu, yuko Konde, mwaka wa tatu huu.
Kaondoka nao?
Hakuna aliyemuuliza.

Nikaenda Jumamosi. Msimu wa karafuu,
nusu ya barabara ni majamvi.
Nilimkuta anachambua, vikonyo huku, karafuu huku,
mbiombio, bila kutazama, kila kimoja pahala pake,
nikasema moyoni: katalogi yetu ndiyo hii.
Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga:
sindano, vifungo, risiti ya umeme,
na ufunguo kwenye kitambaa chenye mafuta, usishike kutu.
"Nikingoja waje kuuliza," alisema.
"Harejeshewi ufunguo asiyejua kama kapotelewa."

Kabati lilifunguka kwa teke.
Fiziolojia ya binaadamu, nakala tisa.
Takwimu, kumi na mbili, bado zimo kwenye nailoni.
Nikalifungua daftari, nikaanza kukata.
*Hatuna* tisini na moja
zilikuwa uongo usio na mwongo.
Bwana Shaame akashika ukingo wa kabati.
"Miaka mitatu," alisema,
"nimewafukuza watoto wa watu kwa adabu."
Sikuwa na la kumjibu.
Nikampa kitambaa, tukafuta vumbi.

Siku hizi hatufungi saa tisa na nusu.
Tunafunga saa tatu usiku, kwa ruhusa ya mdomo tu,
maana tunaowangoja mchana wako juu ya mikarafuu
wanachuma ada.
Jana Salhina wa mwaka wa pili karejesha takwimu,
kachelewa siku nne.
Ndani yake, kwenye sura ya wastani,
kikonyo kimoja, kikavu.
Faini ni mia mbili kwa siku. Nikaandika: imelipwa.
Kikonyo nikakiacha palepale.

Daftari bado liko mezani, ubavuni mwa mhuri.
Analiandika Bwana Shaame mwenyewe,
herufi kubwa kubwa, na macho huyainua:
"Hebu nitajie tena. Mwandishi nani?"
Leo asubuhi, juu ya ukurasa mpya:
*Chumvi kwenye mabonde ya mpunga.
Kijana wa Micheweni. Bonde la kwao limekufa.
Hatuna. Tumetafuta kweli.
Atakuja tena Alkhamisi.*