Dakika ya Arobaini na Moja

Mama anapita na ndoo ya maziwa.
Sekunde nne, hazizidi.
Mbele amesimama nyota wa filamu, analia kwa kulipwa,
na nyuma ya bega lake la kushoto
anapita Tsiala wa Badri, mimi nikiwa tumboni,
skafu imelegea, hatazami kamera
kwa sababu aliambiwa asitazame
na kwa sababu ng'ombe hangoji filamu iishe.

Hiyo ndiyo picha yake pekee inayotembea.
Nyingine zote zimesimama.

Baba yuko kule juu, Svaneti,
njia imezibwa na theluji tangu Novemba.
Kila usiku, akishalisha ng'ombe,
huegemeza simu kwenye pakiti ya chumvi
akaiacha filamu itiririke kutoka sijui wapi,
kupitia mnara mmoja unaotikiswa na upepo.
Hutiririka kama bomba la Januari:
tone, kimya, tone.
Na kile kiduara kinachozunguka, kwa kiherehere chake,
hupenda kumkalia Mama usoni hasa.
Kinazunguka. Baba anangoja.
Chai inapoa.

Mimi niko Kutaisi, natengeneza simu
katika kibanda chini ya ngazi za soko.
Nimewaona wateja wakilia juu ya kioo kilichopasuka
wakidhani nyimbo zao zimo ndani,
kumbe ndani hamkuwa na kitu;
miaka yote walilipia dirisha, si nyumba.

Kwa hiyo tangazo lilipotokea,
*Filamu hii itaondolewa Ijumaa*,
herufi ndogo, za adabu, kama mwenye nyumba
aliyepitia funguo zake,
nilifunga kibanda saa tisa mchana.
Nguo ya kuazima, nikasema, haisitiri.
Nikaipakua usiku kucha
kama mtu anayepakua chungu cha jirani
kabla jirani hajarudi.
Sikuuliza ni halali ya nani.
Asilimia kumi na mbili. Asilimia thelathini.
Filamu ni ya dakika sabini na nane;
nilipiga hesabu, na ilipofika hamsini na tano nikajua
Mama ameshaingia,
hata umeme ukikatika sasa
ndoo haitamwagika.

Nikamtia kwenye kadi ndogo kama ukucha,
nikamkabidhi Otari anayepandisha unga kwa trekta,
pamoja na soksi na dawa ya presha.
Nikampigia Baba: sasa ni wako.
Hakuna mnara, hakuna Ijumaa, hakuna kiduara.

Wiki tatu.
Nikauliza, umemtazama?
Akanipa habari za ng'ombe.
Akanipa habari za paa, na za mguu wa Otari.
Kisha, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani:

"Ile ya kwanza, alikuwa anakuja.
Mimi nimekaa hapa, yeye yuko njiani,
anakwama, anakuja, anakwama,
kama alivyokuwa akitoka zizini kuna barafu mlangoni,
nami nasema moyoni, ameteleza... hapana, huyo.
Huyu uliyeniletea haji kutoka popote.
Yumo kwenye kopo la vifungo."

Sikuwa na jibu. Mimi ni fundi.
Nilitaka kumwambia akiba haiozi,
lakini inaoza, nimefungua nyingi zilizooza,
ndiyo maana nina nakala tatu hapa kibandani
na ya nne ambayo sikumwambia mtu.

Jana usiku nilifungua moja.
Haikukwama hata kidogo.
Alipita upesi mno.
Nikabonyeza kusimamisha, nikachelewa,
ukabaki ukingo wa skafu
na wingu dogo la pumzi, yake au ya ng'ombe,
linaning'inia pale alipokuwa.