Arobaini na Sita

Jumamosi ile saluni yangu ya Isevya haikunyoa mtu
isipokuwa Luhende, aliyeng'ang'ania kiti
kwa sababu ndicho kinachotazamana na runinga.
Wengine walijibana kwenye benchi, kwenye ndoo,
wawili mlangoni wakiziba upepo,
maana Nyamizi wa vifurushi, Nyamizi wetu wa stesheni,
alikuwa ndani ya kioo
amepakwa poda hadi shingoni,
na alikuwa hapa pia, kwenye kigoda cha pembeni,
sinia la karanga mapajani.

Walirekodi mwezi uliopita.
Walimpa karatasi akatia saini: asiseme neno
mpaka kipindi kiishe kurushwa.
Tulimchokoza majuma matatu. Tulimnunulia soda.
Dada yake Kalekwa alimnunia kabisa.
"Mzigo wenye lakiri haufunguliwi njiani,"
ndilo jibu tulilopata.

Herufi zikageuka, moja moja:
A M I R A T U M A.
"Amira, tuma!" akapayuka Shija wa pikipiki,
"tuma kwa namba hii!"
Tukacheka mpaka sekunde kumi zikapotea bure.
Kijana wa benki, mwenye tai, akasema *mitaa*. Tano.
Nyamizi wa kwenye kioo akakohoa kidogo.
"Mataruma."
Nane.

Mwamuzi akafunua kamusi, akalamba kidole, akafunua tena.
"Yale ya chini ya reli," akanong'ona Nyamizi wa kigodani,
si kwetu, kwa karanga zake,
"siku za matope nilipita juu yake kwenda shule,
elfu moja mia mbili na nne hadi darasani.
Ningeyasahau vipi?"
"Lipo," akasema mwamuzi.
Ndoo ikapinduka na aliyekuwa juu yake.

Wakawa sare. Ikabaki hesabu, moja tu:
100, 8, 7, 5, 3, 2.
Itafutwe 746.
Mshale ukaanza kutambaa,
uso wa Nyamizi ukajaa kioo kizima, amefumba jicho moja
kama anavyosoma mizani,

giza.

Mashine ikanifia mkononi katikati ya kichwa cha Luhende.
"Luku!"
"Siyo luku, nimeweka jana."
Mtu akachungulia nje: mtaa mzima, hadi taa za stesheni.

Basi kila mmoja akawa mshindani.
Shija akaandika kwa sabuni kwenye kioo changu cha kunyolea,
akapata 745, akaapa kwamba inatosha.
Binti mwenye sare za shule akapata 748, akafuta kwa kiwiko.
Luhende, nusu kichwa, nusu kichaka,
akauliza kama saba inaruhusiwa mara mbili.
"Nyamizi, si useme tu!"
Nilisikia maganda yakivunjika, basi.

Nikawasha tochi ya simu kutafuta kitana,
mwanga ukapita juu ya sinia:
karanga zimepangwa, safu tano, nane nane,
na pembeni safu mbili, tatu tatu.
Nikahesabu. Nikarudia.
"Na mia saba je?" nikamuuliza polepole.
"Mia saba niliiona kabla mshale haujaanza.
Mzigo mkubwa haupotei ghalani.
Hivi vidogo vidogo ndivyo..."
Akakata hapo. Alikumbuka saini yake.

Umeme ulirudi na mtu wa hali ya hewa:
Tabora, nyuzi thelathini na moja, mvua hakuna.
Wote wakapiga kelele kwa pamoja, nani kashinda,
Kalekwa akampigia shemeji yake wa Urambo,
huko nako giza.
Nyamizi hakujibu. Alipitisha sinia
kuanzia benchi hadi mlangoni,
na safu zikavurugika mikononi mwa watu.

Mimi nilichukua tatu za pembeni.
Zilikolea chumvi.
Kisha nikawasha mashine, nikarudi kwa Luhende,
upande uliobaki.