Sema Tena

Darasa la tatu, Misungwi, mwalimu alisema: Rais.
Nikasema: Lais.
Sema tena, akasema, na fimbo ikasema pamoja naye.
Lais.
Mkono wangu wa kushoto bado una habari hiyo.

Sasa nina miaka sitini na moja,
nimerudi Kirumba na daftari
lenye muhuri wa duka la Perugia.
Majirani wanauliza nimeleta nini.
Nimeleta vitenzi.

Miaka ishirini na miwili nilisimama kiwandani Ilemela,
buti nyeupe, kisu, baridi ya kupasua kucha,
nikimtoa sangara minofu.
Minofu ilipanda ndege.
Mapanki yalibaki nasi,
nami nikapanda gari la zamu na harufu yangu.

Kisha Ng'washi, binti yangu, akaolewa kulekule minofu ilikokwenda,
akamzaa Milembe,
na Milembe akafika miaka minne
hana neno hata moja la kunipa
ila Nonna.
Nikadhani mtoto ananiambia nimenona.
Nikacheka. Akacheka.
Tukaishiwa.

Ndipo nilipotoa kiinua mgongo.
Watu walisema bati, walisema bodaboda mbili,
shemeji alisema kuku wa kisasa, akaleta na hesabu.
Nikalipia darasa.

Perugia ni mji wa ngazi. Hizo hazikunishinda,
magoti haya yamepanda Mabatini na ndoo,
jiwe kwa jiwe, kabla ya bomba kuja.
Lililonishinda ni jina la mwalimu: Loredana.
Loledana. Roredana. Roledana.
Vijana wa darasa, Mkorea mmoja, Wabrazili wawili,
na mtawa wa Kihindi aliyeficha pipi ndani ya kamusi,
waliinamisha macho kwa adabu,
na adabu ile iliuma kuliko fimbo.

Usiku nilikutana na casa.
Casa, kumbe, ni nyumba.
Kwetu kasa ni yule anayetembea na nyumba mgongoni.
Sikumwambia mtu.
Nililala nalo neno hilo
kama aliyeokota noti njiani na hakuna aliyemwona.

Na asubuhi moja, ubaoni: ho fame. Nina njaa.
Ho sessant'anni. Nina miaka sitini.
Nikaweka kalamu chini.
Wao pia wanayo miaka, kama mtu alivyo na mbuzi,
wanaihesabu jioni ikirudi zizini.
Mkorea alilalamika kwamba haina mantiki.
Mimi nilikuwa nimefika nyumbani.

Sokoni nikamkuta sangara juu ya barafu.
Persico, kibao kilisema.
Nilimjua kwa mkato: kisu butu, zamu ya usiku,
mkataji aliyewaza karo.
Mwangaluka, nikamwambia.
Muuza samaki akaitikia buongiorno.

Leo umeme umekatika tangu saa kumi.
Nimekaa kizingitini, simu ina asilimia kumi na moja,
ziwa linasikika tu, halionekani.
Neno la leo ni caro: mpendwa.
Tena: ghali.
Neno moja kwa yote mawili,
na asiyelielewa hajanunua bando la kumwona mjukuu.
Nikiliandika, r inakaa nilipoiweka.
Nikilisema inateleza,
samaki mbichi asiyetaka kisu.

Cala Milembe, nasema.

Kimya. Picha imeganda, mdomo wazi,
meno mawili ya mbele hayapo.
Mbwa wa jirani anabweka, anaacha.
Halafu picha inarudi na kicheko chake chote:

Dillo ancora, Nonna!
Sema tena.

Nasema tena.
Mkono wa kushoto umeshika simu.