Kidole Kwenye Ufizi

Hakuna tone la damu, Bi Mize, ndilo uliloniambia
hata sijashuka kwenye baiskeli.
Vespa ilimpitia kwenye kona ya skuli, hapa Wingwi,
kaanguka, kainuka, kaja mwenyewe hadi uani,
kajilaza kando ya jamvi la karafuu.
"Na sasa keshatulia."

Utulivu huo ndio ulionitia hofu.

Mbuzi mzima, umshike mdomo, atakupiga pembe.
Huyu alinipa kichwa chake
kama mtu anayempa jirani mtoto amshikie.
Nikaufunua mdomo: ufizi mweupe kama chicha.
Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaachia,
nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu.
Nne, ndipo rangi ikarudi, kwa uvivu,
kama mdeni aliyeitwa kwa jina mbele za watu.

Shika masikio, nikakwambia.
"Baridi," ukasema, "na jua lote hili?"
Nikatia vidole ndani ya paja, mshipa unapopita:
mwembamba, wa haraka,
cherehani inayokimbia bila kitambaa.

Ukaniuliza damu itapunguaje na haikumwagika.
Imemwagika, Bi Mize. Imemwagika tumboni,
ambako hakuna wa kupiga ukunga.
Si unaujua mfereji wetu, maji yakiwa haba?
Walio karibu na tangi wanajaza ndoo,
sisi wa mwisho wa bomba tunasikia upepo ukikoroma.
Mwili nao hufanya hivyo, tena kwa makusudi:
huyanyima masikio, huinyima miguu, huunyima ufizi,
ili hiyo kidogo iliyobaki iende moyoni na kichwani.
Moyo unakimbia kulipa deni lisilolipika.
Ukichoka kukimbia, mnyama hutulia.
Ndipo watu husema kapona.

Shaame akainua chupa ya maji ya chumvi,
mkono ukimtetemeka, hataki kupokewa.
Tukamfunika mbuzi gunia.
Chupa ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu sikuwa nayo,
na chupa, hata zingekuwa mia, haizibi tundu.

Nikabonyeza tena.
Moja. Mbili. Tatu kasoro.

Njiani, chini ya taa ya duka la Mzee Asaa,
nilisimama nikabonyeza ukucha wangu mwenyewe.
Wekundu ulirudi hata sijasema moja.
Niliona haya, sijui kwa nini.

Usiku huu, Bi Mize, simu yangu iko wazi.
Usinipigie kuniambia katulia.
Nipigie akianza fujo.