Kabla Hujavaa Glavu

Barke, kabla hujavaa glavu, nisikize.
Ripoti iko mezani. Nimeiandika mara mbili,
ile ya kwanza iliingia maji ya jiki.
Wagonjwa arubaini na mmoja.
Wauguzi wawili,
na huyo wa pili tangu saa tisa yuko kitanda cha kumi na nne,
ana dripu yake mwenyewe.

Kuanzia cha kwanza hadi cha sita, wanakojoa.
Alhamdulillahi. Sikudhani iko siku nitashukuru mkojo
kama watu wa bara wanavyoshukuru mvua.

Cha saba ni mwalimu Shekuwe, yule wa boti ya Kizingitini.
Kila akitapika anaomba radhi.
Mwambie asiombe radhi.
Mimi nimechoka kumwambia.

Cha tisa hakina mtu.
Godoro nimelisugua mwenyewe, nimeliegemeza ukutani,
na kile kiatu kimoja chini yake, cha plastiki, cha kijani,
usikitupe. Mamake alisema atarudi kukichukua.

Uani wako kumi na mmoja, chini ya lile bango.
Si unalikumbuka? Walilileta Jumatatu, wakapiga picha:
TWAWASHUKURU WAHUDUMU WETU WA AFYA,
na tabasamu la muuguzi tusiyemjua, meno yote kamili.
Nimelifunga baina ya mpapai na bomba
ili jua la asubuhi lisiwachome.
Linafaa. Halivuji.

Punda wa Bwanaheri ameleta katoni nane za dripu.
Karatasi inasema kumi na mbili.
Tia sahihi ya nane.

Sasa haya hayamo kwenye ripoti.

Nikitoka hapa siendi nyumbani moja kwa moja.
Naketi kwenye daka la jirani, si letu,
maana kwenye letu mwanangu atasikia viatu,
atatoka mbio,
na mimi wakati huo bado sina mikono ya kumdakia.
Naketi, nahesabu.
Matone hayaniachi, Barke.
Mfereji wa jirani unavuja, nauhesabu.
Mume wangu akilala nazihesabu pumzi zake
huku napapasa mto nikitafuta kalamu.
Juzi, matangani, nilicheka.
Kicheko kilinitoka kama kwikwi, hakina mwenyewe,
wanawake wakanifunika leso
wakidhani nalia.
Nikawaacha wadhani.

Na usiku wa leo, Bi Mwanaate, kitanda cha ishirini.
Nilikuwa namfinya ngozi ya mkono,
kuangalia kama maji yamerudi mwilini,
akanishika kidole. Akanikazia.
Akasema, kwa Kiamu chake cha Mkomani:
"Mwanangu, nawe mato yameingia ndani.
Wewe ni nani akupao mai?"

Nikasema nakuja sasa hivi.
Nimeshawaambia wangapi, nakuja sasa hivi?
Nikaenda kwenye sinki, nikavua glavu,
vidole vimekunjana kama vya mfua nguo,
nikajifinya nyuma ya kiganja.

Ngozi ilisimama.
Ilisimama kama hema dogo la mtu aliyehama,
nami nikaanza, moja, mbili,
halafu cha thelathini na mbili akaita,
nikaiacha hivyo hivyo, sikuona kama ilirudi.

Basi usivae kwanza.
Nipe mkono wako mtupu, wa nyumbani,
huo ulionuka maandazi.
Nifinye wewe. Macho yangu siyaamini tena.
Na uhesabu kwa sauti, Barke,
polepole,
nisihesabu mimi.